FluidSynth imegoma kupakia fonti ya sauti: tafuta tatizo hatua kwa hatua

"Nimefungua fonti lakini kinanda hakilii." "Inaniambia faili si SoundFont, na nimelipakua sasa hivi." "Kwa nini ala zote zinalia piano?" Maswali haya hayakauki, na karibu kila mara muulizaji huwa ameshashauriwa kufuta programu na kuisakinisha upya. Ushauri huo haufai. FluidSynth ni programu ndogo inayogeuza MIDI, yaani maagizo ya noti, kuwa sauti kwa kutumia fonti ya sauti (SoundFont), faili lenye sampuli, yaani vipande vya sauti za ala vilivyorekodiwa. Huharibika mara chache sana. Kinachokosewa ni faili lenyewe, njia ya kulifikia, namba ya benki (kundi la ala ndani ya fonti), au draiva inayopeleka sauti kwenye spika. Ukisakinisha upya, yote manne yanabaki vilevile.

Kabla ya kugusa chochote, elewa kwamba kimya kinaweza kutokea mahali patatu. Mahali pa kwanza, fonti haikuingia kabisa. Pa pili, imeingia lakini chaneli unayoipiga haina ala. Pa tatu, fonti ipo na ala ipo, ila sauti haifiki kwenye spika. Kwa masikio huwezi kuvitofautisha, maana kimya ni kimya. Hatua zilizo hapa chini zinakagua mahali hapo kwa mpangilio huo, kwa hiyo usiruke. Wengi hupoteza jioni nzima wakihangaika na draiva ya sauti kumbe fonti waliyopakua ni nusu faili.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- FluidSynth toleo la 2 au zaidi. Andika `fluidsynth -V` uone toleo lako.
- Terminali, yaani dirisha la kuandika amri. Hata kama umezoea Qsynth au programu nyingine yenye vitufe, uchunguzi ufanye kwenye terminali, kwa sababu huko ujumbe wote wa makosa unaonekana.
- Fonti inayokusumbua. Katika mifano tutaiita `piano.sf2`.
- Fonti ya pili ambayo una hakika ni nzima. Kwenye Debian na Ubuntu, kifurushi cha `fluid-soundfont-gm` huweka moja hapa: `/usr/share/sounds/sf2/FluidR3_GM.sf2`. Ni kubwa, zaidi ya megabaiti 140. Ukitaka nyepesi, TimGM6mb ina takriban megabaiti 6 na inatosha kabisa kwa majaribio.
- Faili moja fupi la MIDI, mfano `wimbo.mid`.
- Nafasi ya RAM inayozidi ukubwa wa fonti. FluidSynth kwa kawaida huingiza sampuli zote kwenye kumbukumbu kabla noti ya kwanza haijalia.

Fonti ya pili usiione kama anasa. Bila kitu kizima cha kulinganisha nacho, hutajua kama unachunguza faili au unachunguza kompyuta.

## Hatua ya 1: Jaribu fonti nzima kwanza

Funga Qsynth na programu nyingine zote za muziki, kisha andika:

```
fluidsynth /usr/share/sounds/sf2/FluidR3_GM.sf2
```

Utaingia kwenye kidirisha cha amri cha FluidSynth, chenye alama `>`. Andika:

```
noteon 0 60 100
noteoff 0 60
```

Namba ya kwanza ni chaneli, ya pili ni noti, ya tatu ni nguvu ya pigo. Noti 60 ni do ya katikati ya kinanda. Ukisikia piano, kompyuta na draiva ni salama na tatizo liko kwenye fonti yako au namna unavyoiita: nenda hatua ya 2. Usiposikia kitu hata kwa fonti hii, andika `fonts`. Fonti ikionekana kwenye orodha, basi imepakiwa vizuri na shida ni ya sauti kutoka, kwa hiyo ruka hadi hatua ya 7. Toka kwa `quit`.

## Hatua ya 2: Hakikisha njia ya faili ni sahihi

Hapa ndipo wanaoanza hukwama zaidi. Kwenye terminali andika:

```
ls -l "/njia/kamili/piano.sf2"
```

Faili lisipoonekana hapa, FluidSynth nayo haitaliona. Mambo manne huwaponza watu:

Nafasi kwenye jina. `Piano Kubwa.sf2` bila alama za nukuu husomwa kama mafaili mawili, `Piano` na `Kubwa.sf2`. Funga njia nzima kwa nukuu. Vinginevyo badilisha jina la faili, tumia kistari badala ya nafasi, na tatizo hilo hutaliona tena.

Alama ya `~`. Kwenye terminali, `~/fonti/piano.sf2` hugeuzwa kuwa njia kamili kabla programu haijaiona. Ukiiweka ndani ya nukuu haigeuzwi. Andika njia kamili inayoanza na `/home/` au `/Users/`.

Mkwaju wa kinyume kwenye Windows. Ndani ya kidirisha cha FluidSynth, alama `\` inaweza kumezwa na njia ikavurugika. Tumia `/` hata kwenye Windows: `load "C:/Fonti/piano.sf2"`. Windows inaikubali.

Njia fupi. Ukiandika `piano.sf2` peke yake, programu inalitafuta kwenye folda uliyoiwashia, si kwenye folda uliyolihifadhi.

Angalia pia ruhusa. Katika matokeo ya `ls -l`, ukiona `-rw-------` na mwenye faili ni mtumiaji mwingine, rekebisha kwa `chmod 644 piano.sf2`, au kwa `sudo` mbele yake kama faili si lako. Ruhusa za faili peke yake hazitoshi: kila folda iliyo juu yake nayo lazima ipitike.

Kuna ruhusa nyingine ambazo `ls` haizionyeshi. Programu iliyosakinishwa kwa Flatpak au Snap huishi ndani ya uzio wake na inaweza isione diski ya nje wala baadhi ya folda zako. Kwenye macOS, tangu toleo la 10.15, mfumo unaweza kuizuia terminali isisome folda za Desktop, Documents na Downloads mpaka uiruhusu kwenye mipangilio ya faragha. Na kama folda yako inasawazishwa na hifadhi ya mtandaoni, faili linaweza kuonekana na jina lake kamili ilhali maudhui bado yako kwenye seva. Njia ya haraka ya kuyakwepa yote haya ni kunakili fonti kwenye folda ya kawaida ndani ya diski ya kompyuta, kisha kujaribu tena.

## Hatua ya 3: Soma baiti 12 za mwanzo

FluidSynth haiangalii kiambishi cha jina. Inafungua faili na kusoma kichwa chake, kwa hiyo kubadilisha jina kutoka `.zip` kuwa `.sf2` hakufanyi kitu. Wewe pia soma kichwa hicho:

```
xxd -l 12 piano.sf2
```

Fonti halisi huonyesha kitu kama hiki:

```
00000000: 5249 4646 c8a2 d901 7366 626b  RIFF....sfbk
```

Herufi nne za kwanza ni `RIFF`, na baada ya baiti nne za ukubwa zinafuata `sfbk`. Kwenye Windows, PowerShell toleo la 7 inakupa kitu hichohicho kwa `Format-Hex -Path piano.sf2 -Count 12`.

Ukiona kingine, faili lenyewe limeshakuambia ni nini:

- `PK` mwanzoni: ni zip. Ifungue, fonti imo ndani.
- `Rar!` au `7z`: nayo ni kifurushi, kifungue kwanza.
- `<!DO` au `<htm`: ulipakua ukurasa wa wavuti badala ya fonti. Hutokea ukibofya kulia na kuhifadhi kiungo ambacho kwa kweli kinafungua ukurasa wa kupakulia.
- `vers`, na faili lina baiti mia na kitu tu: ni kielekezi cha Git LFS (njia ya kuhifadhi mafaili makubwa nje ya hazina ya Git), si fonti. Vuta faili lenyewe kwa `git lfs pull`.
- `MThd`: ni faili la MIDI.
- `RIFF....WAVE`: ni sauti ya kawaida ya WAV.
- `RIFF....DLS`: ni aina nyingine ya benki ya sauti. FluidSynth huisoma ikiwa tu ilijengwa na uwezo huo.

Mafaili ya `.sfArk` na `.sfpack` ni fonti zilizobanwa kwa njia za zamani. Hayapakiwi mpaka yakunjuliwe. Polyphone, kihariri cha bure cha fonti za sauti, hufungua sfArk na kuihifadhi kama SF2. Nayo `.sfz` ni maandishi matupu yanayoelekeza kwenye mafaili ya WAV yaliyo kando yake. FluidSynth haiisomi kamwe. Tumia sfizz au LinuxSampler, au igeuze kwa Polyphone.

## Hatua ya 4: Pima kama faili limekamilika

Kichwa kinaweza kuwa sahihi na faili likawa limekatika katikati, kwa sababu kichwa ndicho kinachofika kwanza wakati wa kupakua. Habari njema ni kwamba faili hubeba kipimo chake mwenyewe. Zile baiti nne kati ya `RIFF` na `sfbk` ni ukubwa wa faili ukiondoa 8. Zisome hivi:

```
od -A n -t u4 -j 4 -N 4 piano.sf2
stat -c %s piano.sf2
```

Kwenye macOS amri ya pili ni `stat -f %z piano.sf2`, na kwenye PowerShell ni `(Get-Item piano.sf2).Length`.

Kwa kichwa cha mfano tuliouona hapo juu, `od` itatoa 31040200, basi `stat` lazima itoe 31040208. `stat` ikitoa 19 milioni, upakuaji ulikatika njiani. Pakua upya, na kama mtandao ni dhaifu tumia `wget -c` ambayo inaendelea pale ilipoishia. Iwapo `stat` imezidi, kuna baiti za ziada mwishoni mwa faili. FluidSynth hulikataa hilo pia, kwa ujumbe uleule: `SoundFont file size mismatch`. Fonti ya namna hiyo ifungue kwenye Polyphone na uihifadhi upya chini ya jina jipya. Mara nyingi inapona.

Kama aliyetoa fonti ameweka alama ya ukaguzi ya SHA-256, ilinganishe kwa `sha256sum piano.sf2`. Kwenye macOS ni `shasum -a 256`, kwenye Windows ni `certutil -hashfile piano.sf2 SHA256`. Kipimo cha ukubwa kinakamata faili lililokatika. Alama ya ukaguzi inakamata hata baiti moja iliyobadilika katikati.

## Hatua ya 5: Tambua kama ni SF3, na kama RAM inatosha

SF3 ina kichwa kilekile cha `sfbk`, lakini sampuli zake zimebanwa kwa Ogg Vorbis. FluidSynth huzifungua kwa msaada wa maktaba ya libsndfile. Kama nakala yako ilijengwa bila maktaba hiyo, SF3 haitapakiwa hata ubadilishe jina mara kumi. Angalia:

```
fluidsynth -T help
```

Orodha ikiwa na `oga`, `flac`, `wav` na wenzao, libsndfile ipo. Ikiwa na `raw` peke yake, haipo. Una njia mbili: sakinisha toleo lililojengwa na libsndfile, au geuza SF3 kuwa SF2 kwa Polyphone. Njia ya pili ndiyo nyepesi zaidi.

Kuhusu RAM, hesabu ni rahisi. Sampuli ya biti 16, sikio moja (mono), kwa kasi ya 44100, hula baiti 88,200 kila sekunde, yaani kama megabaiti 5.3 kwa dakika. SF2 ya megabaiti 500 itachukua kiasi kama hichohicho cha kumbukumbu. SF3 inadanganya: kwenye diski ni ndogo, lakini ikipakiwa hukunjuliwa yote, na kumbukumbu inayotumika ni ya fonti kamili. Usiikadirie kwa ukubwa wa faili.

Kama kompyuta inaganda wakati wa kupakia, au mfumo unaiua FluidSynth kimyakimya, washa upakiaji wa sampuli kwa mahitaji:

```
fluidsynth -o synth.dynamic-sample-loading=1 kubwa.sf2
```

Hapo zinaingia tu sampuli za ala zilizochaguliwa kwenye chaneli. Gharama yake ni kwamba kubadilisha ala katikati ya wimbo kunaweza kuleta kukwama kidogo wakati diski inasomwa. Kwa mazoezi nyumbani haina shida. Kwa kupiga mbele za watu, chagua ala zako zote mapema.

Onyo la `Failed to pin the sample data to RAM; swapping is possible` linatisha watu bure. Maana yake mfumo haukuruhusu kufungia sampuli zisihamishiwe diski. Fonti imepakiwa. Ukitaka onyo liondoke, ongeza `-o synth.lock-memory=0`.

## Hatua ya 6: Imepakiwa, lakini ala ni ipi?

Sasa fungua fonti yako na uulize maswali matatu ndani ya kidirisha:

```
fonts
inst 1
channels
```

`fonts` inaorodhesha fonti zilizoingia na namba zake. `inst 1` inaorodhesha ala zote za fonti namba 1, kila moja na benki yake na namba ya programu (namba ya ala ndani ya benki), kwa mfano `000-000 Yamaha Grand Piano`. `channels` inaonyesha kila chaneli imeshika ala gani.

Hapa tukae kidogo, kwa sababu makosa mengi yanayoitwa "fonti haipakii" ni ya hatua hii. Fonti haina wajibu wa kujaza ala zote 128. Ipo yenye ngoma tupu. Ipo yenye piano moja, na mtengenezaji kaiweka benki 0 programu 5 kwa sababu zake. Chaneli ikiomba ala isiyokuwepo, FluidSynth hujaribu mbadala: kwanza programu ileile kwenye benki 0, kisha benki 0 programu 0. Ikipata, inakuandikia `Instrument not found on channel` na kutaja ilichoweka badala yake. Hiyo ndiyo siri ya "ala zote zinalia piano": wimbo umeomba tarumbeta na violini, fonti ina piano tu, na piano ikasimama badala yao wote. Isipopata hata mbadala, unaona `No preset found on channel`, na chaneli hiyo inabaki kimya.

Tiba ni kuchagua mwenyewe:

```
select 0 1 0 5
```

Soma hivi: chaneli 0, fonti namba 1, benki 0, programu 5. Kisha piga `noteon 0 60 100`. Kumbuka kwamba fonti ya ala moja huenda isiwe na sampuli kwenye noti 60. Besi inaweza kuishia chini yake. Jaribu 36, 48 na 72 kabla ya kukata tamaa.

Tahadhari tatu za namba, kwa maana hizi huwachanganya hata waliozoea:

1. FluidSynth huhesabu chaneli kuanzia 0. Chaneli ya 10 ya vitabu vya MIDI, ile ya ngoma, hapa ni 9. Jaribu ngoma kwa `noteon 9 38 100`.
2. Programu nazo zinaanzia 0. Kwenye orodha inayoanzia 1, ala namba 41 ni `prog 0 40`.
3. Ngoma hukaa benki 128. Fonti ya ngoma iliyowekwa benki 0 haitalia yenyewe kwenye chaneli 9. Itie kwa `select 9 1 0 0`.

Ukipakia fonti mbili, iliyopakiwa mwisho ndiyo inayotafutwa kwanza. Kwa hiyo fonti ndogo ya ngoma ipakie baada ya fonti kuu, si kabla. Zikigongana, sogeza benki za mojawapo: `load "/njia/ngeni.sf2" 1 10` inafanya benki 0 ya fonti hiyo ionekane kama benki 10.

Ikiwa wimbo wako unabadilisha benki na ala zinatoka vibaya, angalia mpangilio wa `synth.midi-bank-select`. Kwa kawaida uko kwenye `gs`, ambapo namba ya benki hutokana na ujumbe wa udhibiti 0 peke yake. Kwenye `gm` ujumbe wa benki hupuuzwa wote. Fonti yenye benki nyingi inayotegemea ujumbe 0 na 32 kwa pamoja huhitaji `mma`:

```
fluidsynth -o synth.midi-bank-select=mma piano.sf2
```

Kitu kimoja zaidi kuhusu fonti za zamani. Baadhi zilitengenezwa kwa kadi za Sound Blaster AWE32, na hutumia sampuli zilizochomwa ndani ya chipu ya kadi yenyewe. Sampuli hizo hazimo kwenye faili. FluidSynth inaziruka na ala zinazozitegemea hazilii. Hakuna marekebisho, tafuta fonti nyingine.

## Hatua ya 7: Tenga fonti na spika

Kipimo hiki kinamaliza ubishi. Andika wimbo kwenye faili la WAV bila kupitia draiva ya sauti:

```
fluidsynth -ni -F jaribio.wav -r 44100 piano.sf2 wimbo.mid
```

Weka vibadilishi vyote, kama `-F` na `-r`, kabla ya majina ya mafaili. Kwenye baadhi ya mifumo kilicho nyuma hakisomwi. Kisha fungua `jaribio.wav` kwa kichezaji chochote. Kama ina muziki, fonti na ala ni nzima, na tatizo ni draiva. Kama ni kimya, rudi hatua ya 6.

Kwa upande wa draiva, `fluidsynth -a help` inaonyesha zilizopo kwenye nakala yako. Jaribu moja baada ya nyingine: kwenye Linux `-a pulseaudio`, `-a pipewire` au `-a alsa`, kwenye macOS `-a coreaudio`, kwenye Windows `-a wasapi` au `-a dsound`. Ukipata `Failed to create the audio driver`, kifaa kimeshikwa na programu nyingine au jina la draiva si sahihi. Kwenye baadhi ya usambazaji wa Linux, FluidSynth nyingine huwashwa yenyewe kama huduma unapoingia, nayo ndiyo inayoshika kifaa. Isimamishe:

```
systemctl --user stop fluidsynth
```

Sauti ikitoka hafifu mno, si lazima iwe kosa. Ukuzaji wa kawaida ni 0.2 tu, umewekwa chini ili noti nyingi zikilia pamoja zisipasuke. Andika `gain 0.6` ndani ya kidirisha, au anza na `-g 0.6`. Ukivuka 1 kwa wimbo wenye ala nyingi, tegemea mikwaruzo.

Kama amri ya `noteon` inalia lakini kinanda cha nje hakilii, fonti haihusiki tena. Washa FluidSynth na `-d` ili ichapishe kila ujumbe wa MIDI unaoingia. Ukibonyeza kibao na hakuna mstari unaotokea, kinanda hakijaunganishwa. Kwenye Linux ona orodha kwa `aconnect -l`, kisha unganisha namba zake.

## Bado inagoma: ujumbe na pa kwenda

Soma ujumbe wa kwanza wa kosa, si wa mwisho. Wa mwisho huwa ni matokeo tu ya ule wa kwanza.

- `not a SoundFont or MIDI file or error occurred identifying it`: njia mbaya, ruhusa, au kichwa si `sfbk`. Hatua ya 2, kisha ya 3.
- `Not a RIFF file`: faili si fonti. Hatua ya 3.
- `SoundFont file size mismatch`: limekatika au limeongezewa. Hatua ya 4.
- `Failed to load SoundFont`: huu ni wa jumla. Tazama mstari ulio juu yake.
- `No preset found on channel`: hatua ya 6. Ikiwa ni kwa chaneli 9 peke yake, fonti haina ngoma, na wimbo usio na ngoma utalia bila shida.
- `Failed to set thread to high priority`: onyo la kasi, halihusu fonti.

Fonti inalia kwenye terminali lakini si kwenye Qsynth. Qsynth ina orodha yake ya fonti kwenye mipangilio. Ongeza fonti hapo, thibitisha mpangilio wa juu na chini, kisha kubali kuwasha injini upya. Kidirisha chake cha ujumbe kinaonyesha makosa yaleyale ya terminali.

Inalia leo, kesho hailii. Fonti imehamishwa, au iko kwenye diski ya nje ambayo leo imepewa njia nyingine. Miradi ya LMMS na ya programu nyingine za kurekodi huhifadhi njia ya fonti, si fonti yenyewe. Weka fonti zako zote kwenye folda moja usiyoibadilisha.

Fonti isiyo yako inajipakia kila ukiwasha. Tazama faili la `~/.fluidsynth` au `/etc/fluidsynth.conf`. Ni orodha ya amri zinazotekelezwa mwanzoni, na mstari wa `load` uliosahaulika humo unaweza kufunika fonti uliyoitaja. Weka `#` mbele ya mstari huo, washa upya, halafu andika `fonts` uone kilichobaki.

Umepita hatua zote na ni fonti moja tu inayokataa. Ifungue kwenye Polyphone. Ikikataa na huko, faili limeharibika na hakuna mpangilio wa FluidSynth utakaoliponya. Ikifunguka, tazama kama sampuli zina mawimbi au ni mistari mitupu, ihifadhi upya kama SF2, na uirudishe kwenye hatua ya 4.

Unaomba msaada kwa mtu mwingine. Mpe matokeo ya `fluidsynth -V`, ya `xxd -l 12`, ya `od` na `stat` kwa pamoja, na ujumbe wote uliotokea baada ya `fluidsynth -v piano.sf2`, ukinakiliwa kama maandishi. Picha ya skrini iliyokatwa nusu humlazimu akuulize upya mambo yaleyale.